Nukta hujiunda zenyewe, lakini leza haijiundi

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Nimesoma kwamba kuna chembe za semikonda ziitwazo nukta za kwanta, ambazo hujiunda zenyewe juu ya fuwele bila kuchongwa na mtu, na kwamba kwa chembe hizo hutengenezwa leza ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Ikiwa nukta hujiunda zenyewe, ugumu wa kazi hiyo uko wapi? Na kwa nini nukta moja isitoshe kuwa leza moja?"

Ndugu msomaji, ulichosoma ni kweli, ila neno "zenyewe" linahitaji kuwekewa mpaka. Nukta hizi hujiunda, lakini hazijipangi. Haziulizi zikae wapi, wala hazikubaliani ziwe na ukubwa gani. Leza ndogo inadai yote mawili: nukta iwe mahali ambapo mwanga una nguvu, na rangi ya nukta ilingane na rangi ambayo chumba cha leza (nafasi ndogo inayonasa mwanga na kuurudisharudisha ndani) kinaikubali. Sehemu kubwa ya kazi ya fani hii imo katika pengo hilo, baina ya kile ambacho maumbile hutoa bure na kile ambacho leza inahitaji.

Tuanze na namna zinavyozaliwa. Kipande cha fuwele ya galiamu asenidi huwekwa ndani ya ombwe kali, kikapashwa joto la karibu nyuzi 500 za Selsiasi, kisha mivuke ya indiamu na aseniki ikaelekezwa juu yake taratibu. Atomu zinazotua huanza kujenga tabaka la indiamu asenidi zikifuata mpangilio wa atomu zilizo chini. Hapo ndipo mgogoro unapoanza, kwa sababu nafasi baina ya atomu katika indiamu asenidi ni kubwa kwa karibu asilimia 7 kuliko katika galiamu asenidi. Tabaka jipya hulazimika kubanwa ili likae sawa na lililo chini, na kila atomu inayoongezeka huongeza mkazo. Linapofikia unene wa takriban tabaka moja na sehemu saba za kumi za atomu, kuendelea kutandazika huwa ghali kuliko kuvimba, na ghafla vinainuka visiwa vidogo ambavyo vilele vyake vina nafasi ya kujinyoosha. Chini yao hubaki tabaka jembamba sana, ambalo mimi huliita tandiko. Mtindo huu wa ukuaji, yaani tabaka kwanza kisha visiwa, una majina ya Wabulgaria wawili, Stranski na Krastanov, walioueleza mwaka 1938, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufikiria leza.

Anayeotesha fuwele hushuhudia tukio hilo kwa macho. Miale ya elektroni hupigwa juu ya fuwele kwa pembe ya kulala kabisa, ikaruka na kuangukia kioo kinachong'aa upande wa pili. Uso ukiwa bapa, kioo huonyesha michirizi mirefu iliyosimama. Visiwa vinapoinuka, michirizi hiyo hukatikakatika kuwa madoa, na hilo hutokea upesi kiasi kwamba mtu aliyegeuza shingo kuandika daftarini anaweza kulikosa. Wakati huo ndipo mkono hufunga mlango wa indiamu. Ukichelewa, visiwa vinaungana, vinapoteza mpangilio wa fuwele na havitoi tena mwanga wa maana. Baada ya hapo nukta hufunikwa kwa galiamu asenidi, zikabaki zimezikwa humo kama kokwa ndani ya tunda. Nukta ya kawaida ina upana wa nanomita 20 hivi na kimo cha nanomita 5, na katika sentimita moja ya mraba huwamo bilioni 10 hadi bilioni 100.

Kwa nini kisiwa hicho kinafaa kwa leza? Indiamu asenidi ina pengo dogo la nishati (kiasi ambacho elektroni huhitaji kuruka ili iwe huru) kuliko galiamu asenidi inayoizunguka, hivyo elektroni na pengo la elektroni (nafasi tupu iliyoachwa na elektroni, ambayo nayo hutembea kama chembe) zikipita karibu huanguka ndani na kunaswa. Na kwa kuwa kisiwa ni kidogo kwa pande zote tatu, nishati zinazoruhusiwa humo si mfululizo bali ni ngazi zilizotengana, kama ilivyo katika atomu moja. Donge kubwa la indiamu asenidi lingetoa mwanga wa urefu wa wimbi wa karibu maikromita 3.5. Likiwa nukta iliyobanwa namna hii, hutoa mwanga ulio baina ya maikromita 0.9 na 1.3 hivi, na huo wa 1.3 unapendwa sana kwa sababu mapigo ya mwanga huo hayatawanyiki sana yanaposafiri ndani ya nyuzi za kioo za mawasiliano.

Mwaka 1982 Yasuhiko Arakawa na Hiroyuki Sakaki wa Tokyo walitabiri kwamba leza yenye elektroni zilizofungwa pande zote tatu haingesumbuliwa sana na joto, kwa kuwa elektroni zisingekuwa na ngazi za karibu za kukimbilia. Leza ya kwanza ya nukta zinazojiunda ilionyeshwa mwaka 1994 na kundi la Berlin na St. Petersburg. Utabiri ule ulitimia nusu. Elektroni kweli zina ngazi zilizoachana mbali, lakini ngazi za mapengo ya elektroni zimekaribiana mno, na joto la kawaida la chumba linatosha kuyarusharusha mapengo hayo kutoka ngazi moja hadi nyingine. (Usizichanganye nukta hizi na zile zinazopikwa ndani ya vimiminika, ambazo zilipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Fizikia yake ni ya ukoo mmoja, lakini jiko ni jingine.)

Sasa tuje kwenye ugumu ulioulizia. Nukta mbili zilizoota jirani huweza kutofautiana kimo kwa tabaka moja au mawili ya atomu, na tofauti hiyo ndogo hubadilisha nishati ya mwanga wake. Ukipima mwanga wa nukta zote za sampuli moja kwa pamoja, hupati mstari mwembamba bali kichuguu chenye upana wa milielektronivolti (kipimo kidogo cha nishati) 30 hadi 50. Ziko njia za kukipunguza. Unaweza kuotesha polepole zaidi, ili atomu zipate muda wa kutembea na kutafuta mahali pazuri. Unaweza pia kuzifunika nukta nusu tu, ukapandisha joto ili vilele vilivyobaki nje viyeyuke na kuondoka, hata zote zikawa na kimo kinachokaribiana. Hata hivyo kichuguu hakitoweki kabisa.

Katika leza ya kawaida yenye umbo la mstari, hilo ni jambo la kuvumilika. Chukua mstari wenye urefu wa milimita 1 na upana wa maikromita 3, wenye nukta bilioni 50 kwa sentimita ya mraba. Katika tabaka moja tu mna nukta milioni moja na nusu. Hata kama nyingi hazifanyi kazi, zinazobaki zinatosha. Lakini ukipunguza leza hadi kisahani chenye kipenyo cha maikromita 2, hesabu inageuka. Eneo la kisahani hicho lina nukta kama 1,570. Tuseme chumba cha mwanga ni kizuri kiasi kwamba kipimo chake cha ubora ni 10,000, maana yake mwanga huzunguka na kutetema mara elfu nyingi kabla ya kuvuja. Chumba kizuri hivyo kinachagua sana: kwa mwanga wa maikromita 1, kinakubali nishati zilizo ndani ya ukanda wa milielektronivolti 0.12 tu. Gawanya hiyo kwa kichuguu cha milielektronivolti 40, utaona kwamba katika kila nukta 1,000 ni nukta 3 tu zinazolingana nacho. Kwa hiyo katika nukta 1,570 tumebaki na 5 hivi, na hata hizo si zote zilizokaa ukingoni mwa kisahani, ambako ndiko mwanga hukimbilia.

Je, nukta 5 zinatosha? Katika chumba chenye ubora tuliotaja, fotoni, yaani chembe ya mwanga, huishi kwa takriban pikosekunde 5 (pikosekunde ni sehemu ya elfu ya nanosekunde) kabla ya kutoroka. Nukta iliyo peke yake huchukua nanosekunde 1 hivi kutoa fotoni moja. Ndani ya chumba kidogo utoaji huo huharakishwa, jambo alilolitabiri mwanafizikia Edward Purcell mwaka 1946: kadiri chumba kinavyokuwa bora na kidogo, ndivyo kitoa mwanga kilichomo kinavyofanya haraka. Tuseme kasi imeongezeka mara 10. Nukta 5 zitatoa fotoni bilioni 50 kwa sekunde, na ukizidisha idadi hiyo kwa pikosekunde 5 unapata robo ya fotoni ndani ya chumba kwa wakati wowote. Leza inahitaji kwa wastani angalau fotoni moja ikae humo, ili ile inayofuata ichochewe nayo badala ya kutoka kivyake. Tumekosa, ingawa si kwa mbali. Njia zilizobaki ni tatu: kuboresha chumba, kukipunguza, au kuongeza nukta zinazolingana nacho, na kila moja inaivuruga nyingine kwa namna fulani.

Kuhusu chumba chenyewe, kisahani ndicho ninachokipenda zaidi kwa ajili ya kueleza, kwa sababu kinatengenezwa kwa hatua chache na kila hatua ina sababu inayoeleweka. Kwanza huoteshwa tabaka nene la galiamu asenidi iliyochanganywa na alumini nyingi, kisha juu yake tabaka jembamba la galiamu asenidi lenye nukta katikati. Huchorwa duara juu yake, na kila kilicho nje ya duara huchimbwa hadi chini. Halafu kipande chote hutumbukizwa katika asidi ya haidrofloriki iliyozimuliwa. Asidi hiyo hula tabaka lenye alumini lakini huiacha galiamu asenidi karibu bila kuigusa. Inapenya kutoka ubavuni kuelekea katikati, na ukiitoa kwa wakati wake, kinachobaki ni sahani nyembamba iliyosimama juu ya kikonyo, kama uyoga. Mwanga hukimbia kandokando ya ukingo wake ukijirudisha ndani, kwa sababu juu, chini na ubavuni umezungukwa na hewa. Ndivyo mnong'ono unavyozunguka ukuta wa kuba la Kanisa Kuu la St Paul mjini London ukasikika upande wa pili. Ukingo ukiwa na mikwaruzo ya nanomita chache tu, mwanga hutawanyika na ubora wa chumba hushuka, na ndiyo maana wachongaji wa visahani hupigania ulaini wa ukingo kuliko udogo wa kipenyo.

Vyumba vingine ni viwili vikuu. Kimoja ni nguzo nyembamba iliyochongwa kutoka kwenye matabaka mengi yanayopishana, galiamu asenidi ya nanomita 68 na alumini asenidi ya nanomita 80 hivi kwa mwanga wa nanomita 950. Matabaka hayo ni vioo juu na chini, na nukta hukaa katikati. Uzuri wa nguzo ni kwamba mwanga hutoka wima na unaweza kuilisha umeme kwa pete ya metali kileleni. Kingine ni utando uliotobolewa vitundu kwa mpangilio wa pembetatu, ambamo vitundu vitatu vya mstari mmoja huachwa bila kutobolewa, na mwanga hunaswa pale palipokosa vitundu. Hicho ndicho kidogo zaidi, kwani mwanga ndani ya galiamu asenidi huwa na urefu wa wimbi uliopungua mara tatu na nusu, na chumba cha aina hiyo hukaribia ujazo wa mchemraba mmoja wa urefu huo wa wimbi. Shida yake ni kuupelekea umeme: utando unaoning'inia hewani hauna pa kushikia waya, wala hauna njia nzuri ya kutolea joto.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mara nyingi husahauliwa, na ambalo kwa maoni yangu ndilo sababu halisi ya nukta kushinda katika leza ndogo. Uso uliochongwa wa galiamu asenidi ni mwuaji wa elektroni. Katika leza za tabaka bapa, elektroni hutangatanga kwa maikromita kadhaa, na katika kisahani kidogo karibu zote hufika ukingoni zikafia huko bila kutoa mwanga. Elektroni iliyonaswa ndani ya nukta haitangi, na hivyo ukingo unaua zile tu ambazo hazijanaswa. Faida hii haitokani na ule utabiri maridadi wa mwaka 1982. Inatokana tu na nukta kuwa shimo ambalo elektroni haitoki kwa urahisi.

Sababu hiyohiyo ndiyo iliyofungua njia ya leza juu ya silikoni. Galiamu asenidi ikioteshwa juu ya silikoni, nafasi za atomu zinapishana kwa karibu asilimia 4, na nyufa za mpangilio hupanda kutoka chini kama mizizi iliyogeuzwa. Ufa ukikutana na tabaka bapa hunyonya elektroni za eneo lote linalouzunguka, lakini ukikutana na tabaka la nukta huharibu nukta chache zilizo njiani, nyingine zikaendelea na kazi. Mwaka 2016 watafiti wa University College London pamoja na wenzao wa Cardiff na Sheffield walionyesha leza ya nukta juu ya silikoni, inayolishwa kwa umeme bila kukatizwa, ambayo kizingiti chake, yaani mkondo ambao leza huanzia kuwaka, kilikuwa ampea 62.5 kwa sentimita ya mraba na ambayo maisha yake yalikadiriwa kupita saa 100,000. Mwaka uliofuata, pete ndogo ya nukta yenye nusukipenyo cha maikromita 5 juu ya silikoni ilifikia kizingiti cha miliampea 0.6.

Turudi kwenye ulinganifu. Kwa kuwa nukta hazichagui mahali, kuna waliochagua kuzifuata zilipo. Hutafuta nukta moja nzuri kwa hadubini katika baridi kali, hupima rangi na mahali pake, kisha hujenga chumba kuizunguka. Mwaka 2008 kundi moja la Ufaransa lilifanya hivyo ndani ya jokofu lilelile, likichora nguzo kwa mwanga juu ya nukta iliyokwisha kupimwa, kwa usahihi wa makumi ya nanomita. Wengine huchimba vishimo vidogo kabla ya kuotesha ili indiamu ijikusanye humo. Ni njia nadhifu kimchoro, ila uso uliochimbwa huacha kasoro karibu na nukta na mwanga wake hufifia. Rangi nayo hurekebishwa mwishoni. Ukipandisha joto kidogo, rangi ya nukta husogea upesi kuliko ya chumba, na hivyo vinaweza kukutanishwa. Unaweza pia kuuachia uso uote utando wa oksidi na kuuondoa kwa asidi, na kila awamu ikakisogeza chumba nanomita chache upande wa bluu, yaani kwenye mawimbi mafupi zaidi.

Katika joto la kawaida la chumba hali inabadilika tena. Mstari wa kila nukta hupanuka hadi milielektronivolti 10 au zaidi, hivyo nukta nyingi zaidi zinaweza kukilisha chumba, lakini kila moja sasa inatawanya mchango wake katika ukanda mpana na kukipa chumba sehemu ndogo tu. Watengenezaji hufidia kwa kupanga matabaka ya nukta moja juu ya jingine, mara nyingi matano hadi kumi, wakiacha baina yao nafasi ya nanomita 40 au 50. Nafasi ikiwa ndogo kuliko hapo, mkazo wa tabaka la chini hupenya na kuziamuru nukta za juu ziote pale pale, zikizidi kuvimba kila tabaka. Bila matabaka ya kutosha kisahani hukata tamaa na ngazi ya chini ya nukta, ambayo hujaa upesi, kikarukia ngazi ya pili, na leza yako ikatoa rangi ambayo hukuikusudia.

Zaidi ya hayo, si rahisi kujua kama kweli umepata leza. Katika leza kubwa mchoro wa mwanga dhidi ya mkondo una kona kali, nayo ndiyo kizingiti. Katika leza ndogo, ambamo sehemu kubwa ya mwanga wote huingia katika chumba kimoja tangu mwanzo, kona hiyo hulainika hata ikapotea. Ninapopitia ripoti za leza ndogo na kuona mchoro huo peke yake, siridhiki. Kinachotakiwa ni kuugawa mwanga kwa vipokezi viwili na kuhesabu ni mara ngapi fotoni mbili hufika pamoja, ikilinganishwa na inavyotarajiwa kwa bahati tu. Mwanga wa kujitokea wa chumba kimoja hupenda kuja kwa makundi, na kipimo chake ni 2. Mwanga wa leza hauna tabia hiyo, na kipimo hushuka hadi 1. Kikisimama katikati, hicho si leza bado.

Sasa nijibu sehemu ya pili ya swali lako. Ndiyo, nukta moja inaweza kuwa leza. Mwaka 2010 kundi la Chuo Kikuu cha Tokyo, akiwamo Arakawa yuleyule, lilionyesha hilo kwa nukta moja ndani ya utando wenye vitundu, katika baridi kali, huku chumba na nukta vimefungamana kwa nguvu. Lakini angalia kiasi cha mwanga. Nukta inayotoa fotoni moja kila sehemu ya kumi ya nanosekunde hutoa fotoni bilioni 10 kwa sekunde, na kwa mwanga wa maikromita 1 hizo ni nanowati 2 tu, kabla hujahesabu zinazopotea njiani. Kwa anayechunguza namna elektroni moja inavyozungumza na fotoni moja, hizo ni nyingi. Kwa anayetaka kupeleka taarifa kati ya kompyuta mbili, ni pete ya maikromita kadhaa yenye maelfu ya nukta katika matabaka matano au zaidi, inayolishwa kwa sehemu ya miliampea katika joto la kawaida, ndiyo inayofanya kazi.